Butiki za fromaji na masoko ya chakula kule Uingereza: fasi ya kutoa pesa na fasi ya kupita tu

Tangu nirudi Goma kila mutu ananiuliza juu ya Borough Market, ile soko ya chakula ya London, juu njo ile banaonaka ku telefone. Basi nijibu mara moja: Borough ni muzuri, enda, lakini kama uko na siku moja tu ya kutembeza tumbo Uingereza na safari ya treni haikutishe, enda Leeds. Nitaeleza juu ya nini. Miye nauzishaka fromaji (jibini) ya Masisi na bintu ingine ya kula huku Goma, mu kartie ya Birere, kwa hiyo saa yaya (mukubwa wangu) alinialika kwake Uingereza, benzangu bananituma viatu na mafuta ya nywele, miye kichwa iko ku fromaji tu, na kila mutaa tulipita nilikuwa naingia fasi yote yenye kutoa harufu mpaka yaya akachoka na miye.

Kipimo yangu ilikuwa moja kila duka. Naonyesha fromaji moja na kidole, nauliza nani aliitengeneza, alafu naomba kuonja. Kama muuzaji anajibu bila kutafuta na anakamata kisu, tunaongea bei. Kama ananiambia tu "ni muzuri sana hiyo", namushukuru, natoka. Haijalishi duka ni kubwa ao imepambwa vipi.

Juu ya nini nashikilia jina ya mwenye kutengeneza? Juu huku kwetu haiko. Fromaji ya Masisi ilikuja na bamisionari ba Ubelgiji, ngombe biko kule ku milima, majani ni ya kijani, na batengenezaji bako bengi kweli. Lakini ikishafika Goma yote inaitwa jina moja. Ya mwenye anaosha bidoni na mayi ya moto, ya mwenye anasugua na majani tu, ya mwenye aliiacha ikauke vizuri na ya mwenye aliiuzisha mbio juu minervali (pesa ya masomo) ya batoto ilifika, yote ni ile muviringo moja, bei moja. Kiliya (muteja) akipata yenye chumvi ya kupita leo, kesho anakasirikia Masisi muzima, na yule mama mwenye anafanya kazi safi hapati hata franga moja ya zaidi. Miye niko katikati, najua kidogo yupi ni yupi, lakini kiliya hajui, na hakuna mahali imeandikwa. Kwa hiyo nilienda kuangalia benye balishamaliza hiyo shida banafanyaka je.

Tuanze London. Borough Market iko chini ya njia ya treni pale London Bridge, unanunua nyanya na treni inanguruma juu ya kichwa. Mwaka wa 2014 balisherehekea miaka 1,000 ya soko, na ile fasi iko sasa imekalia tangu 1756. Jumatatu banafunga. Jumamosi inajaaka sana, na bengi banakuja kula bamesimama na kupiga picha, kwa hiyo enda siku ya kazi, asubuyi, saa bauzaji bako na nafasi ya kuongea. Uyoga ya kila rangi, mafuta ya zeituni, nyama ya porini, mikate yenye ganda ngumu. Kuko Brindisa, bale balianza kuleta bintu ya Hispania mu mwaka wa 1988, harufu ya soseji yao ya pilipili nyekundu inakukamata mbali kabisa. Yote muzuri, nilipita.

Mutu wa fromaji anaendelea mpaka Park Street, pembeni kabisa ya soko, kwa Neal's Yard Dairy. Balianza 1979, na kazi yao ni fromaji ya Uingereza na Irelandi, banainunua kwa benye mashamba, banaitunza, alafu njo banauzisha. Hapa nilisimama sana. Magurudumu imepangwa juu ya mbao toka chini mpaka karibu na dari, baridi inapanda mu miguu, na hakuna kioo kati yako na fromaji. Kijana mwenye tabulie akanikwangulia kipande nyembamba ya Montgomery's Cheddar, akanipa ku mukono. Nikauliza swali yangu. Hakuangalia karatasi yoyote: shamba iko North Cadbury, mu Somerset, maziwa mbichi, gurudumu moja karibu kilo 25, banaizungushia kitambaa yenye kupakwa mafuta ya nguruwe ili ipumue bila kukauka, inakaa mwaka na zaidi huku inageuzwa. Alafu akafanya kitu yenye sijaona kwetu: akakata ingine, ya shamba ile ile lakini ya siku tofauti ya kutengeneza. Onja sasa hii. Ya kwanza ilikuwa na utamu fulani ya muchuzi wa nyama, ya pili kali, inauma pembeni ya ulimi. Ngombe bale bale, kitambaa ile ile! Kumbe hata siku iko na jina.

Bako tena na chuma moja ya kupimia, ndefu, yenye kuchimbwa katikati sawa muferesi. Banaisukuma mu gurudumu, banazungusha, banatoa kidole ya fromaji ya ndani kabisa, bananusa, bananyofoa kidogo ya ncha, alafu banarudisha kizibo yake mu tundu na kufuta juu na fromaji ile ile ili hewa isiingie. Gurudumu inabaki nzima na wewe umeshajua iko namna gani. Miye huku nikitaka kujua fromaji ya ndani iko je nakata nusu, na nikishakata lazima niuzishe leo ama kesho. Nilitamani ile chuma kuliko fromaji yenyewe, nasema ukweli.

Bei? Utashika kichwa. Cheddar ya namna hii inapita paundi 30 kwa kilo, na kile kibao kidogo mara ingine inaandika bei ya gramu 100, kwa hiyo usifurahi haraka. "Yaya, hii ni ya kilo ao ya kipande?" "Ya gramu mia, mudogo wangu, rudisha mukono." Lakini hakuna mutu anakulazimisha kununua kilo, unaomba kipande kidogo na banakukatia na uso muzuri.

Niongeze habari moja juu bachuuzi ba huku mutaipenda. Mu mwaka wa 2024 bezi balijifanya ni bawakilishi ba duka kubwa ya Ufaransa, bakaagiza kwa Neal's Yard cheddar tani 22, bakapelekewa, bakapotea nayo. Bei yake ilipita paundi 300,000. Na Neal's Yard, hata bamepoteza mali, balilipa benye mashamba yote. Huku mali ikipotea njiani, mwenye analia wa kwanza ni yule wa kule ku milima.

Stilton sasa. Ile yenye mishipa ya buluu, yenye harufu ya kuamsha jirani. Sheria inakubali itengenezwe mu majimbo tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire, tena na maziwa yenye kupitishwa ku moto. Kijiji yenyewe ya Stilton iko Cambridgeshire, kwa hiyo kule Stilton hauruhusiwe kutengeneza Stilton. Nilicheka sana. Na kuko benye balianza 2006 kutengeneza ya buluu na maziwa mbichi kule Nottinghamshire, jimbo yenye kukubaliwa kabisa, lakini juu ya ile maziwa mbichi sheria ikabanyima jina, njo banaiita Stichelton. Ni laini kuliko ingine yote ya buluu nilionja, inayeyuka kama siagi, chumvi inakuja ku mwisho. Unaona vile jina inachungwa kule? Ukiandika jina yenye si yako unapelekwa mahakamani, huku mutu anaandika "Masisi" juu ya kitu yoyote ya muviringo.

Leeds basi. Soko yake inaitwa Kirkgate Market, iko mu katikati ya muji, ile jumba ya mbele ni ya 1904, yenye kuba na vyuma ya rangi na madoido ya nyoka wenye mabawa, utazani ni kanisa. Ni kati ya masoko kubwa zaidi za ndani Ulaya. Na humu njo Michael Marks alianza meza yake mu 1884, Muyahudi mwenye alikimbia toka upande wa Urusi wa wakati ule, kingereza yake ya kuombea mayi tu, akaandika kibao: usiulize bei, ni peni moja. Ile meza njo ilizaa Marks & Spencer, kampuni kubwa ya maduka. Nimemwambia ile habari kila kijana wa Birere mwenye anauzisha makarai na misumari, bamoja banacheka, bamoja banauliza peni moja ni franga ngapi.

Lakini si historia njo ilinifanya nipende Kirkgate. Ni kwamba pale batu ba kawaida banafanya soko. Mama mwenye kitenge anasimama nyuma ya muzee wa kizungu mwenye fimbo, bote banangoja samaki. Kuko safu ya mabuchari na safu ya samaki na nyama ya porini, na muuzaji anaongea na wewe sawa vile mama wa huku anaongea: unapika je, muko bangapi, basi usichukue ile, chukua hii. Nilinunua kipper, ni samaki herring yenye kupasuliwa ku mugongo, ikatiwa chumvi na moshi. Yule bwana aliniambia imetoka mji gani na moshi ni ya miti gani, miye nikamwambia kwetu tuko na sambaza ya ziwa Kivu, akataka kujua inakaushwa na jua ao na moto, foleni nyuma yetu ikangojea bila kununa. Kipper tukaikaanga kwa yaya na vitunguu na ndizi ya kupika. Nyumba ilinuka mpaka kesho yake, shemeki akalala dirisha wazi na ile baridi yao.

Fromaji ya Kirkgate? Kidogo, na haifikie ile ya Park Street, hapo sibishane. Lakini Lancashire yenye kuvunjika-vunjika niliipata pale, nyeupe, kama na uchachu wa mashanza, na bei yake mutu wa mushahara anaweza. Nilionja, nikajibiwa, nikabeba. Kwa ujumla hapa njo pesa yangu ilifanya kazi zaidi, na hakuna mutu alinipiga picha ao kunisukuma.

Newcastle tulipita mbio, kuko Grainger Market ya 1835, jumba refu sana, na ndani yake kibanda ya kupimia uzito ya batu. Ndiyo, unalipa kidogo, unapanda ku mizani, banakuandikia. Yaya alikataa. Birmingham soko ya Bull Ring inafuata ruhusa ya mufalme ya 1166, leo ni matunda na mboga mu mabakuli, bauzaji banapiga kelele bakuli paundi moja, bakuli paundi moja, hapo utajisikia nyumbani kabisa, na jioni wakati wa kufunga bakuli inaongezeka. Manchester kuko Mackie Mayor, soko ya nyama ya zamani ya 1858 yenye baligeuza fasi ya kula tangu 1977... hapana, 2017, vidole vyangu. Ni muzuri kwa kukaa na barafiki ukikula pizza, lakini ya kubeba nyumbani ni kidogo sana.

Sasa zile duka ndogo za mutu binafsi, zenye soseji yenye kuning'inia, zeituni mu mabeseni na mitungi ya kila namna. Hapa njo kuna uzuri na udanganyifu pamoja. Mu Soho, London, kuko Lina Stores ya Baitaliani, Brewer Street, tangu 1944, mbele yake kijani ya kupendeza, pasta mbichi banakupimia na gramu. Mu Jermyn Street kuko Paxton & Whitfield, fromaji tangu 1797, duka nyembamba, batu na makoti ya bei, lakini niliuliza swali yangu na nilijibiwa kwa heshima yote, tena nikaonjeshwa, hata na viatu vyangu vya Birere.

Lakini kuko ingine, sitataja jina wala mutaa, mu muji moja ya kaskazini, yenye mbao mbao na taa za njano, chupa zimepangwa vizuri mpaka unaogopa kugusa. Niliomba gramu 100 ya ham, dada akakata, akakata, akaweka ku mizani: karibu 300. "Ni sawa?" Haikuwa sawa lakini ilishakatwa. Nikauliza fromaji ile nyeupe imetengenezwa na nani, akageuza karatasi, akasema "ni ya huku huku". Huku wapi? Hakujua. Kuonja, hapana. Alafu ku kulipa, kashi hawakamati, karte tu, na miye niko na paundi safi ku mukono. Huku Goma banakataa dola juu iko na kipasuko kidogo sawa unywele, kule banakataa pesa nzima, kweli dunia ni moja. Yaya akalipa na telefone yake na akanitazama na ile jicho. Duka sawa ile usipoteze wakati, unalipia mbao na taa.

Kitu moja ilinigusa mu duka ndogo ya chokoleti na kahawa. Ku rafu, chokoleti ya Original Beans, imeandikwa kubwa kubwa Cru Virunga. Virunga yetu! Kakao ya huku, tableti moja bei ya kulisha nyumba siku nzima, na muuzaji akanieleza juu ya msitu na bakulima sawa vile mutu anaeleza juu ya mujomba wake. Nikamwambia volkano ile tunaionaka toka mulangoni. Akaniita mwenzake aje anione. Kahawa ya Kivu nayo bazungu banaipenda, SOPACDI, koperative ya kahawa pale Minova, banaosha arabika yenye inaenda mpaka kule, na ku mufuko banaandika jina ya koperative na urefu wa mulima. Kahawa ishapata jina yake, kakao ishapata. Fromaji bado inangoja, na sijui inangoja nani.

Kwa benye hamu ya chakula ya nyumbani: London, Ridley Road pale Dalston, na Brixton, ile Electric Avenue na soko za ndani pembeni yake. Ndizi, viazi vikuu, samaki kavu, samaki ya chumvi, pilipili ya kweli. Bei ya majani ya mihogo itakuudhi, lakini ukikaa wiki mbili na mikate na supu ya makopo hautabishana.

Maneno ya kazi, haraka. Pesa: noti za karatasi za paundi 20 na 50 zilikoma kutumika mu maduka mwisho wa mwezi wa 9, 2022, zilizobaki ni za plastiki, kwa hiyo ukibadilisha pesa huku angalia, kuko benye bangali na zile za zamani na watakupa bila haya. Ku mulango wa duka tafuta etikete kijani na nyeusi yenye namba 0 mpaka 5, ni usafi, 5 njo ya juu. Mu England yenyewe hawalazimishwe kuibandika, kwa hiyo usipoiona, uliza. Kama mwili yako inakataa karanga, maziwa ao ufuta, sema: sheria iko na bintu 14 za namna ile zenye lazima bakuambie, na tangu Oktoba 2021 kila sandwichi yenye balifunga pale pale dukani lazima iandikwe kila kitu iko ndani. Ile sheria inaitwa ya Natasha, juu ya binti Natasha Ednan-Laperouse mwenye alikufa 2016 baada ya kula mkate wenye ufuta yenye haikuandikwa. Waislamu, pai zao za baridi ni nguruwe karibu zote, uliza mbele ya kuuma.

Na usijaribu kubeba fromaji ya Masisi kwenda kule juu ya kujivunia, maziwa na nyama toka kwetu hairuhusiwe kuingia, itaishia mu pipa ya uwanja wa ndege. Kurudi ni rahisi zaidi. Omba bakufungie na karatasi ile ya nta, si plastiki, juu ukipitia Kigali mifuko ya plastiki ilikatazwa Rwanda tangu 2008 na banakutoleaka. Cheddar inasafiri muzuri, ngumu, haina haraka. Stilton nayo inafika, shida ni safari ya Kigali mpaka Gisenyi: tulikuwa bado kupita Musanze, basi yote madirisha wazi, na mama wa pembeni yangu anauliza kondakta nani amebeba samaki ya kuoza.